JICHO LITANGULIE BOMBA LA DAWA

Kwala, katika Wilaya ya Kibaha mkoani Pwani, siku hizi inatajwa sana kwa ajili ya makontena. Tangu bandari kavu ya hapo ilipozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Julai 2025, jina la kata hiyo limekuwa jina la mizigo, la reli na la barabara ya zege itokayo Vigwaza. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini ng'ambo ya uzio wa bandari yapo mashamba ya mahindi na mihogo, na mabondeni kuelekea Mto Ruvu upo mpunga. Familia zinazolima hapo hula ugali na wali; na ugali na wali huanzia kwenye jani.

Jani ndilo jiko la mmea. Hapo ndipo mwanga wa jua, maji na hewa hupikwa vikawa chakula kinachojaza punje. Jani likitobolewa, likipauka au likioza, punje hunyimwa chakula chake, hata kama mvua ilinyesha kwa wakati na mbolea iliwekwa kama ilivyoagizwa. Kwa hiyo ulinzi wa chakula cha taifa hauwezi kungoja mpaka mahindi yafike ghalani. Huanza siku ambayo mche una majani matatu.

Yapasa basi jambo moja lisemwe waziwazi. Desturi ya kukaa mpaka shamba limekwisha kuliwa, kisha kukimbilia bomba la dawa au kutuma ujumbe wilayani kuomba dawa iletwe, ni desturi ya hasara. Jicho la mkulima halina budi kulitangulia bomba. Na kwa kuwa jicho lisilofundishwa haliwezi kutambua kile linachokiona, wajibu wa kulifundisha ni wa Serikali na wataalamu wake.

ADUI ALIYEVUKA BAHARI

Wazee wa Pwani wanamfahamu kiwavijeshi wa asili. Huyo hutokea kwa makundi mvua zianzapo, akatambaa ardhini kama askari, akala nyasi na nafaka hadharani, kisha akatoweka. Ipo misimu ambayo haonekani kabisa. Lakini kiwavijeshi vamizi ni adui wa namna nyingine. Asili yake ni bara la Amerika. Aliripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwezi Januari 2016, huko Afrika Magharibi. Mwaka 2017 alikuwa amekwisha kutambuliwa Tanzania, katika Mkoa wa Rukwa, na ilipofika mwaka 2018 alikuwa ameenea katika nchi zaidi ya 40 za bara hili. Nondo wake huweza kuruka karibu kilomita 100 kwa usiku mmoja akisaidiwa na upepo. Huyu haji akaondoka: akisha kufika mahali penye joto na mahindi, huweka makao.

Alama zake si ngumu kujifunza. Kichwani ana mchoro mweupe mfano wa herufi Y iliyogeuzwa juu chini. Karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za mraba. Mtoto wa shule akionyeshwa mara moja hawezi kumsahau.

Yafaa hesabu yake ieleweke, maana ndiyo inayoonyesha kwa nini kuchelewa ni hatari. Nondo jike mmoja huweza kutaga mayai kati ya 1,500 na 2,000 katika maisha yake mafupi. Huyataga kwa mafungu ya mayai mia moja au mia mbili, yaliyofunikwa na manyoya mepesi kama pamba chafu. Katika joto mfano wa lile la Pwani, mayai huanguliwa baada ya siku mbili au tatu. Kiwavi hukua kwa muda wa majuma mawili au matatu, kisha huingia udongoni, sentimita chache tu, akageuka pupa. Kwa kadiri ya siku 30 kizazi kimoja kimekamilika, na kingine kinaanza.

Katika siku za kwanza kiwavi ni mdogo kama uzi. Hukwangua upande mmoja wa jani na kuacha vidirisha vyeupe vinavyopenya mwanga. Wakati huo yuko wazi. Kidole humuua, na dawa kidogo humfikia. Akisha kukua huingia ndani ya moyo wa mhindi, na kinyesi chake, kinachofanana na unga wa mbao, huziba mlango nyuma yake. Dawa ikinyunyizwa juu humwagikia majani matupu, naye akaendelea kula ndani kwa usalama. Msiba ni kwamba wakulima wengi humgundua katika siku hizi za mwisho, wakati majani yamekwisha chanika na fedha ya dawa haiwezi tena kurudisha kitu.

KUKAGUA NI KAZI YA SHAMBA

Ukaguzi hauhitaji mashine. Mahindi yakisha kuota, mkulima apite shambani mara mbili kwa juma, asubuhi. Asiishie pembeni mwa barabara, bali aende kwa kupinda-pinda ili afike pande zote za shamba. Asimame mahali patano, na kila anaposimama atazame mimea kumi. Hiyo ni mimea hamsini. Aangalie chini ya majani kama kuna mafungu ya mayai, aangalie vidirisha vyeupe, afungue moyo wa mhindi. Mafungu ya mayai ayapondeponde. Viwavi anaowakuta awaue.

Wataalamu wametoa kipimo cha kumsaidia kuamua. Mahindi yakiwa bado machanga, na katika mimea hamsini ikaonekana kumi iliyoshambuliwa, hapo ndipo pafikiriwe dawa. Mahindi yakiwa yamekwisha kuwa makubwa lakini hayajatoa mbelewele, kipimo ni mimea ishirini kwa hamsini, kwa sababu mhindi wenye afya huweza kustahimili na kuchipua majani mapya. Mbelewele zikisha kutoka, mkulima mdogo anayenyunyiza hutupa fedha yake na kujihatarisha bure. Faida ya kukagua ni kwamba humwambia mkulima wakati wa kunyunyiza, na pia wakati wa kuacha.

Hili la kuacha ni zito. Dawa nyingi za wadudu ni sumu kwa binadamu kama zilivyo kwa kiwavi. Si ajabu kumwona mkulima akinyunyiza bila kinga ya pua wala glavu, shati limelowa, na chupa tupu ikaoshwa ikawekwa mafuta ya taa au hata maji. Tena dawa ya namna moja ikitumiwa mfululizo msimu baada ya msimu, huwaua viwavi dhaifu na kuwaacha walio sugu wazaliane. Hali hiyo imekwisha kuonekana huko Amerika. Aidha, dawa huua siafu, buibui na nyigu wadogo ambao humla adui huyo bila malipo. Mkulima anayenyunyiza pasipo haja huwafukuza askari wake mwenyewe.

MAGONJWA YASIYOSIKIA DAWA

Ikiwa jicho ni muhimu kwa kiwavi, kwa magonjwa ya majani ni muhimu zaidi, kwa kuwa mengi ya magonjwa hayo hayana dawa ya kunyunyiza kabisa.

Chukua ugonjwa wa milia ya mahindi. Jani hupata mistari myembamba ya rangi ya manjano inayofuata urefu wake, na mmea uliougua ukiwa mchanga hudumaa. Ugonjwa huu huletwa na virusi, na virusi hubebwa na mdudu mdogo anayerukaruka juu ya majani na kufyonza utomvu. Jambo hilo lilithibitishwa na mtafiti H. H. Storey huko Afrika Kusini katika miaka ya 1920, naye akaja kuendelea na uchunguzi wake katika kituo cha Amani, mkoani Tanga. Kwa hiyo ujuzi huu ni wa karibu karne moja, na sehemu yake ilipatikana katika ardhi hii. Hata hivyo wapo wakulima ambao mpaka leo huona milia wakadhani ni upungufu wa mbolea, wakaongeza mbolea, wakapata hasara mara mbili. Kinga yake inafahamika: mbegu zinazostahimili, kupanda mapema mvua zianzapo, na kung'oa mimea michache iliyougua kabla mdudu hajaeneza.

Chukua tena ugonjwa wa mpunga ambao wakulima wa Tanzania huuita kimyanga. Uligunduliwa kwanza Kenya mwaka 1966, karibu na Kisumu. Majani huwa ya manjano yenye mabaka-mabaka, mpunga hufupaa, na masuke yakitoka huwa na mapepe. Huenezwa na aina fulani za mbawakavu, lakini pia na mikono ya watu, mundu, panya na ng'ombe wanaopita katika jaruba lililougua wakaingia katika lililo zima. Hauenezwi kwa mbegu. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mkulima wa bonde la Ruvu. Anayeilaumu mbegu ataibadilisha kila mwaka na bado ataugua. Anayejua ukweli atasafisha mundu wake, atafyeka nyasi kando ya mifereji, atalima na kufukia maotea baada ya mavuno, na kuepuka kung'oa miche katika kitalu chenye ugonjwa.

Upo pia ugonjwa wa kuvu uletao madoa mfano wa jicho kwenye jani la mpunga, yenye katikati ya kijivu na ncha mbili zilizochongoka. Huo hupenda unyevu, na hupenda zaidi shamba lililopewa mbolea ya chumvichumvi ya naitrojeni kupita kiasi. Hapa mkulima mwenye bidii asiye na maelekezo hujidhuru kwa bidii yake. Akiona madoa, huongeza mbolea ili mpunga "upate nguvu". Nguvu ile huwa karamu ya kuvu.

Magonjwa haya matatu yote huonekana kama jani lililobadilika rangi. Moja huletwa na mdudu afyonzaye, jingine na mbawakavu na mikono ya watu, la tatu na kuvu. Tiba ya moja haifai kwa jingine. Duka la pembejeo haliwezi kumpa mkulima utambuzi huo, kwa sababu muuza duka huuza alicho nacho.

SHAMBA MOJA HALITOSHI

Nondo haujui mpaka wa shamba. Ndugu mmoja akikagua na jirani yake akalala, kazi ya wa kwanza ni bure. Mmoja akipanda mwanzo wa mvua, mwingine baada ya mwezi, na wa tatu akaacha maotea yajiotee, kijiji kizima kinakuwa kimemwandalia adui chakula mwaka mzima. Kwa hiyo kupanda kwa pamoja, kupalilia kwa pamoja na kukagua kwa siku zilizopangwa ni mambo yanayostahili kuamuliwa katika mkutano wa kijiji, kama vile maji na njia zinavyoamuliwa.

Si ndoto. Mwaka 2001, katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, vijiji vilianza kujifanyia utabiri wa kiwavijeshi wa asili. Kila kijiji kilikuwa na mtego wenye harufu ya nondo jike uvutao madume, na kipimo cha mvua. Wanakijiji waliochaguliwa na kufundishwa waliwahesabu nondo walionaswa, wakasoma mvua, wakakata shauri wao wenyewe kama hatari i karibu, kisha wakatoa tangazo. Kabla ya hapo onyo lilikuwa likitoka kituoni mbali na mara nyingine likafika baada ya viwavi. Kilosa ilionyesha kwamba mkulima akiaminiwa na akafundishwa, huwa mtaalamu wa kijiji chake.

Upo mfano mwingine, kutoka Kenya. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilibuni njia ya sukuma-vuta. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodia, mmea wa jamii ya kunde ambao harufu yake huwafukuza nondo. Kandokando ya shamba hupandwa majani ya malisho yanayowavuta. Njia hii ilibuniwa kwa ajili ya viwavi watoboao mabua, ikaonekana kumpunguza sana hata kiwavijeshi vamizi. Desmodia hurutubisha udongo, na pamoja na yale majani ya pembezoni huwa chakula cha ng'ombe. Kwa wilaya yenye wakulima na wafugaji, mmea unaolinda mahindi na kulisha mifugo ni jambo la kujaribiwa kwa dhati.

Na Kibaha yenyewe si mgeni katika kazi hii. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati kidung'ata alipokuwa akikausha mihogo ya nchi hii, silaha iliyotumika ilikuwa nyigu mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini, na Kibaha ndipo palipokuwa na kituo cha kuzalisha wadudu marafiki. Adui alipunguzwa bila mkulima kununua chupa hata moja. Wilaya yenye historia hiyo haina sababu ya kuamini kwamba kila mdudu dawa yake ni bomba.

WAJIBU WA WENYE DHAMANA

Wapo watakaosema kwamba mkulima amekwisha kubebeshwa mengi: alime, apande, apalilie, awinde ndege, na sasa ahesabu mimea hamsini mara mbili kwa juma. Hoja hiyo ina uzito, hasa ikikumbukwa kwamba katika familia nyingi kazi hiyo itamwangukia mama, ambaye tayari anabeba maji na kuni. Lakini ukaguzi wa robo saa ni mwepesi kuliko kupanda upya, na ni mwepesi zaidi kuliko kununua unga mwezi wa Februari. Lililo haki ni kwamba asiachwe peke yake.

Tazama shayiri. Wakulima wa nyanda za kaskazini walipolima shayiri kwa mkataba kwa ajili ya kiwanda cha bia, mnunuzi aliwapa mbegu na pembejeo, akawatumia na mabwana shamba wa kutazama majani, maana alijua kuwa kutu na madoa vikila jani, kimea hakitapatikana. Bia ilipata mlinzi wake. Mahindi ya Kwala hayana mnunuzi wa namna hiyo. Mnunuzi wake ni tumbo la mtoto, nalo halina mkataba wala bwana shamba. Hapo ndipo Serikali inapopaswa kusimama mahali pa mnunuzi. Bwana shamba aonekane shambani katika juma la pili baada ya kuota, badala ya kuonekana baada ya maafa akiwa na fomu ya kuandika hasara. Naye apewe usafiri, kwa sababu kumdai afike vijiji vyote kwa miguu ni kumdai asichoweza.

Jambo la mwisho linaihusu bandari kavu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, dumuzi, mdudu wa ghalani kutoka Amerika ya Kati, aliingia Tabora, akageuza mahindi na mihogo mikavu kuwa vumbi, kisha akasambaa pamoja na biashara ya nafaka. Wakulima walimpa jina la lori: Scania. Jina hilo lina hekima. Wadudu na magonjwa hupanda magari, treni na meli kama abiria wasio na tiketi. Kwala sasa ni njia panda ya mizigo ya nchi hii na ya nchi jirani, na mashamba ya wananchi yako umbali mfupi wa kuruka nondo. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ili ilinde milango ya namna hiyo. Mlango mpya wahitaji walinzi wa kutosha wenye ujuzi na maabara ya karibu, na vijiji vinavyozunguka mlango huo vyastahili kuwa vya kwanza kupewa mitego na mafunzo, kwa kuwa ndivyo vitakavyoumwa kwanza.

Masika na vuli havitangoja kikao. Mvua zikianza, nondo nao watakuwa njiani. Vijiji vya Kwala vichague wakaguzi wao sasa, vipange siku ya kupanda na siku ya kukagua, na vidai kwa sauti moja bwana shamba afike wakati mahindi yangali na majani matatu. Ofisi ya wilaya nayo iwe na jibu la kuwapa. Fedha ya bomba moja la dawa iliyochelewa ingetosha kumleta mtaalamu kijijini asubuhi moja, akawaonyesha wananchi ile Y iliyogeuzwa juu chini. Wakisha kuiona hawataisahau, na msimu utakaofuata watakuwa na cha kutia ghalani.